MAMA, SOYA NI CHAKULA KIZURI, LAKINI UIPIKE VIZURI

Siku ya kupima kilo, mama wengi wanatuambia: "Nilimupa mutoto uji wa soya, akaharisha. Simupi tena." Mama, tunakusikia. Lakini mara mingi kosa si la soya yenyewe. Kosa ni soya yenye haikuiva, ao yenye ilitolewa mingi kwa siku moja.

Sababu gani mutoto ale soya?

Bugali na ndizi vinashibisha, lakini havitoshi kujenga mwili. Mutoto anayekula bugali tu anaweza kushikwa na bwaki: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, hataki kucheza. Nyama, samaki na mayai vinajenga mwili, lakini bei yao ni kali. Soya inaota kwenye mashamba yetu ya Kivu. Katika gramu 100 za soya kavu, karibu gramu 36 ni chakula cha kujenga mwili. Katika maharagi ni karibu gramu 22.

Sababu gani inaumiza tumbo?

Ndani ya soya mbichi muko kitu chenye kinazuia tumbo kuvunja chakula. Moto ndio unaharibu kitu hicho. Kuanika kwa jua na kusaga havitoshi. Tena soya iko na sukari yenye tumbo haliwezi kuvunja, nayo inaleta hewa. Sehemu ya sukari hiyo inatoka katika maji ya kuchemushia, basi usiyatumie.

Fanya hivi:

1. Chagua mbegu. Tupa zenye kuoza na zenye ukungu.
2. Chemusha maji kwanza. Yakitokota, tia soya, itokote dakika 30. Kisha mwanga maji yale.
3. Isugue kwa mikono ndani ya maji safi mpaka maganda yatoke.
4. Ianike ikauke. Halafu ikalange kwa moto mudogo mpaka inukie. Isiungue. Onja mbegu moja: kama ina ladha ya majani mabichi, bado. Kama ina ladha ya karanga, imeiva.
5. Saga. Changanya kopo 1 ya unga wa soya na kopo 4 za unga wa mahindi ao wa mutama.
6. Pika uji dakika 20 tangu kutokota, ukiukoroga.

Saga unga kidogo tu, uuweke mahali pakavu. Ukinuka vibaya ao ukiwa muchungu, hapana kumupa mutoto.

Anza kidogo-kidogo

Mutoto ambaye hajatimiza miezi 6 anyonye ziwa la mama tu. Akiisha kutimiza, mumupe vijiko 2 ao 3 kwa siku, siku tatu za kwanza, na ziwa lisikatwe. Tumbo likikaa vizuri, ongeza. Likijaa hewa, punguza, ngoja siku chache, kisha jaribu tena. Na wewe mama, kama tumbo yako inasumbuka upesi, fuata njia hiyo hiyo, na kunywa maji safi ya kutosha.

Usingoje nyumbani

Mulete mutoto kwa muganga upesi kama midomo inavimba ao vipele vinatoka nyuma ya kula soya. Kama anaharisha damu. Kama anatapika kila kitu. Kama macho yameingia ndani. Ao kama miguu imevimba. Mutoto mwenye miguu imevimba haponi kwa uji wa nyumbani. Anahitaji maziwa na dawa za hospitali.

Mama, soya ileile inaweza kuumiza ao kujenga. Tofauti iko kwenye moto wako. Siku ya kilo inayokuja, leta unga wako kidogo ndani ya karatasi. Tutauonja pamoja.