Je, Wajua? Dawa ya kumlaza tembo haijazi kijiko

Tembo wa Hifadhi ya Mikumi havishwi kola ya kumfuatilia akiwa macho. Hupigwa kwanza sindano ya etofini, dawa inayoshinda mofini kwa nguvu zaidi ya mara 1,000. Dume wa tani 5 hulazwa kwa miligramu 15 hivi. Ajabu ni kwamba tone likimrukia daktari jichoni au kwenye mchubuko, laweza kumuua. Ndiyo maana huvaa glavu na hafungui chupa akiwa peke yake. Mwenzake hujua kabisa nalokisoni iko wapi. Hiyo ndiyo ya kumwokoa mtu. Ya kumwamsha tembo ni nyingine.

Hatari ya dawa haiko porini tu: mashambani Kilosa, dawa za wadudu nazo husema kwa rangi. Tazama mstari ulio chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha njano, buluu, kijani. (Kijani nayo si ya kunywa!) Vipicha vya pembeni humwonyesha hata asiyesoma: glavu, miwani, mikono inayonawa chini ya bomba. Dawa ikihamishiwa kwenye chupa ya soda, maelezo yote hayo hubaki kwenye kopo la zamani.