Leza ya Ndege: Paa Moja Linapoonekana Mawili

Maswali ya wasomaji kuhusu ndege zinazopima ardhi kwa leza yamekuwa mengi, na mengi yanahusu mali iliyofukiwa. Nimalize hilo kwanza: leza hiyo haioni dhahabu wala hazina inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani. Anayekuuzia ramani ya namna hiyo ni tapeli. Hata mwaka 2009 leza ilipofichua magofu ya Wamaya huko Caracol, Belize, miale ilipita kwenye mianya ya majani ikagonga ardhi, haikuzama udongoni.

Uzushi wa pili huusikia kwa watu waliosoma: eti leza haikosei, kwa hiyo kanda mbili za vipimo zilizopandiana, kila moja ya safari moja ya ndege, zitakaa sawa zenyewe. Hazikai. Chukua leza iliyofungwa ikaelekea mbele kwa nyuzi 0.01 zaidi ya programu inayokokotoa vipimo inavyoamini. Ndege ikiwa mita 1,000 juu, kila nukta iliyo chini yake huandikwa sentimita 17 hivi nyuma ya mahali pake. Sasa tazama uzuri wa jambo hili: kosa linaifuata ndege, haliifuati ardhi. Ndege ikienda kaskazini, paa husogea kusini. Ikirudi kwa njia ile ile, paa lile lile husogea kaskazini. Ukizitazama kanda hizo kwa ubavu, utaona migongo miwili ya paa moja, imeachana sentimita 35. Leza ikiwa imelalia upande, uwanja tambarare huinamia mashariki safari ya kwenda na magharibi safari ya kurudi, kanda zikakatana kama mkasi. Kosa la kimo halina tabia hiyo: ukanda mzima hupanda au hushuka pamoja. Namna kanda zinavyogombana ndiyo inayomtaja mkosaji.

Ndiyo maana nawakasirikia wanaoinua ukanda mmoja hadi ugusane na mwenzake, kisha wanadai malipo. Mwinamo haujaondoka, kosa limehamia ukingo wa pili. Uholanzi, ambako karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, sentimita chache zikikosewa kwenye tuta huharibu hesabu ya mafuriko.

Basi, linganisha mapaa yenye miteremko ya pande tofauti, kwani uwanja tambarare hautakuambia kama kanda zimeachana kwa upande. Miti na maji viache. Kanda zikishapatana, mpima ardhi akapime barabara au uwanja kwa vifaa vyake, maana zote mbili zinaweza kuwa zimekosea kimo kwa kiasi kilekile.