Mtambo wa Kuchuja Maji ya Chumvi, na Maji Yanayomwagwa

Mtu ashukaye Sultan Hamud, mji ulio kando ya reli ya Mombasa na Nairobi, wenye jina la Sultani Hamud bin Muhammed aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902, hakai siku mbili bila kusikia shauri la maji. Bomba la Nolturesh, litokalo chini ya mlima Kilimanjaro, hupita huku, lakini haliwatoshi watu wote. Kwa hiyo wengi huchimba visima virefu, na visima vingi vya Ukambani hutoa maji ya chumvi. Mawe yetu ni ya kale sana. Maji hukaa katika nyufa zake miaka mingi yakiyeyusha chumvi kidogo kidogo, na jua letu kali halisaidii.

Siku hizi vikundi vya wakulima hununua mitambo ya kuondoa chumvi hiyo. Ni mitambo mizuri. Lakini kuna jambo moja ambalo muuzaji halitaji sana, nalo ni kwamba mtambo hautoi maji matamu tu. Hutoa pia maji mengine, yenye chumvi kuliko yale ya kisima, na maji hayo hapana budi yaende mahali fulani.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Kila mama ajuaye kutengeneza kachumbari amekwisha kuiona. Akinyunyiza chumvi juu ya vitunguu vilivyokatwa, baada ya muda kidogo maji hujaa bakulini. Maji yametoka ndani ya kitunguu, yakapita katika ngozi yake nyembamba, yakaifuata chumvi. Hiyo ndiyo tabia ya maji, na wataalamu huiita osmosisi. Mtambo huyalazimisha maji yaende kinyume: pampu yenye nguvu huyasukuma maji ya chumvi juu ya utando mwembamba mno, maji yakapenya, chumvi ikabaki nyuma. Utando wa kwanza uliofaa kwa kazi hii ulitengenezwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika chuo kikuu cha Los Angeles, Marekani, karibu na mwaka 1960. Mwaka 1965 mtambo wa namna hii uliwekwa Coalinga, mji mdogo mkavu wa California ambao zamani uliletewa maji ya kunywa kwa garimoshi. Watu wa Sultan Hamud watawaelewa watu wa Coalinga bila kuelezwa sana.

Mijini mitambo midogo ya jinsi hii hutumiwa hata na watu wafugao samaki wa mapambo katika visanduku vya kioo sebuleni. Mingi ya mitambo hiyo midogo hutupa lita 3 au 4 ili kupata lita 1 safi, na maji yale huingia katika mfereji wa taka, wala hakuna amwulizaye mwenyewe. Sisi hatuwezi kufanya hivyo, maana mfereji wetu ni shamba.

Chukua mfano huu, msomaji, uupige hesabu kwa kalamu yako. Tuseme maji ya kisima chenu yana gramu 2 za chumvi katika kila lita, nanyi mwachuja lita 1,000 kwa siku. Mtambo ukitoa nusu safi, mtapata lita 500 za kunywa, yaani madebe 25. Lita 500 zilizobaki zitakuwa na karibu gramu 4 kila moja. Hizo ni kilo 2 za chumvi kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 730, yaani zaidi ya magunia manane ya kilo 90. Sasa fikiri mtu anayepeleka maji hayo kila jioni kwenye michungwa yake, akiona ni hasara kuyaacha yapotee. Michungwa na miembe haivumilii chumvi. Kwanza kingo za majani huungua na kuwa rangi ya kahawia, kisha majani huanguka, na mwenye shamba hudhani ni ugonjwa, akanunua dawa. Maharagwe, vitunguu na karoti huumia mapema zaidi. Mtama na pamba huvumilia kuliko hayo, na mtende huvumilia kuliko yote, lakini hata hapo udongo wapaswa kuoshwa na mvua ya kutosha, la sivyo chumvi itajikusanya.

Ng'ombe wazima wakizoeshwa polepole waweza kunywa maji ya gramu 4, ingawa huenda wakaharisha siku za mwanzo. Kuku wasipewe. Tena kuna floraidi, ambayo haina ladha. Kwa watu kiasi chake kisizidi miligramu 1.5 katika lita, na kwa wanyama karibu miligramu 2. Mtambo ukiiondoa katika maji yenu ya kunywa, huirundika katika yale mengine. Kisima chenye miligramu 2 kitakupa maji taka yenye karibu 4, na ndama wakiyanywa meno yao yataharibika.

Samaki je? Ngege huvumilia chumvi vizuri, kuliko kambale. Bwawa la mita 10 kwa 10, lenye kina cha mita 1 na kutandikwa karatasi ya nailoni, laweza kupokea maji haya. Lakini jua likikausha milimita 5 kwa siku, lita 500 hupanda hewani na chumvi yote hubaki. Pasipo mvua, kila lita ya bwawa itaongezewa gramu 7 kwa mwaka. Basi elekeza maji ya mapaa bwawani wakati wa masika na vuli, wala usichimbe bwawa hilo karibu na kisima cha mtu.

Kwa maoni yetu mtambo uwe wa mwisho, si wa kwanza. Paa la bati la mita 6 kwa 10 hukusanya lita 600 mvua ikinyesha milimita 10 tu, nayo haina chumvi. Mabwawa ya mchanga, yaliyoanza kujengwa Ukambani tangu miaka ya 1950 na ambayo vikundi vya mwethya vimeyaongeza sana, huhifadhi maji ya mto chini ya mchanga, pasipo jua kuyafikia.

Ikiwa bado mwahitaji mtambo, ombeni kwanza kibali cha kisima kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mwulizeni NEMA kuhusu kumwaga maji taka. Msitie klorini katika maji yaingiayo mtamboni, kwa sababu huharibu utando. Tieni katika yale yatokayo. Na kabla ya kulipa hata shilingi moja, pelekeni maji ya kisima yapimwe chumvi, floraidi na chuma. Chupa iwe ya plastiki, isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale, na ijazwe pampu ikiwa imekwisha kufanya kazi kwa muda.