Kitunguu saumu, mwarobaini na dawa ya unga: funzo kutoka Chawia

Ukipanda Chawia kutoka Mwatate, unayaacha mashamba ya mkonge huko chini, na juu unapokewa na ukungu wa msitu na baridi. Majuzi nilikwenda huko kumtembelea mama mmoja anayefuga kuku wa kienyeji na kuuza mayai Voi. Nilimkuta akikoroga maji ya kuku, yamegeuka manjano.

"Dawa ya nini hiyo, mama?" nikamuuliza.

"Ya kuzuia tu, ustadhi. Nawapa kila wiki wasife."

Dukani alikoinunua hakuna aliyemuuliza kuku wake wana nini. Na mayai ya asubuhi hiyo yalikuwa kwenye trei, yakingoja boda boda.

Dawa ile ni oksitetrasaiklini, antibiotiki iliyo ukoo mmoja na dawa tunazoandikiwa sisi hospitalini. Kazi yake ni kuzuia bakteria wasizaane. Ikitolewa kidogo kidogo kila wiki kwa kuku wasioumwa, bakteria dhaifu hufa na wale wagumu hubaki, wakazaana. Hao wagumu hutufikia kupitia nyama, mayai, mbolea na mikono yetu. Siku mtoto akiugua, dawa anayopewa haifanyi kazi. Mwaka 2019 peke yake, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa maambukizi ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Si kuku peke yao waliosababisha, kwani sisi wenyewe pia hutumia dawa ovyo, lakini mifugo imo.

Jengine ni masalio. Kila dawa ya mifugo ina siku za kusubiri, zimeandikwa kwenye pakiti, ambazo yai haliliwi wala kuku hachinjwi. Anayetoa dawa kila wiki hana siku ya kusubiri hata moja.

Wenzetu wameliona hili zamani. Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku hiyo tarehe 1 Januari 2006. Kisha wafugaji wao wakageukia viungo na mimea, vitu ambavyo sisi tunavyo jikoni na uani.

Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, kemikali inayodhoofisha bakteria wengi. Ndiyo ile harufu yake kali. Tangawizi na manjano husaidia usagaji wa chakula. Majani ya mzunge, yakianikwa kivulini na kusagwa, karibu robo ya uzani wake ni protini, na hukoleza rangi ya kiini cha yai. Maziwa lala yana bakteria wema wanaoshindania nafasi na wabaya tumboni mwa kuku. Mwarobaini nao una sifa yake, lakini ni mchungu: ukizidi kuku hawali na hawakui. Kwa hivyo vyote hivi hutiwa kidogo, na chakula kamili hubaki palepale. Maji yenye kitunguu au maziwa yamwagwe jioni na chombo kioshwe, la sivyo yataoza na kuleta maradhi mapya.

Sasa tusidanganyane. Viungo hivi hujenga afya ya tumbo. Havimfufui kuku aliyeanguka. Na ugonjwa unaomaliza mabanda mengi ya kienyeji ni kideri, ambacho ni virusi. Kideri hakisikii antibiotiki wala kitunguu saumu. Dawa yake ni chanjo kabla hakijaingia: iko ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Yaani mama yule alikuwa akinunua dawa kila wiki dhidi ya adui asiyeguswa na dawa hiyo.

Huko juu kuna jambo la pili, nalo ni unyevunyevu. Matandiko yakilowa, hewa ya banda huchoma macho na kifua, na vijidudu vya kuhara damu hustawi. Maranda makavu, banda lenye hewa lakini lisilopigwa na upepo wa usiku, na kuku wasiosongamana vitapunguza maradhi kuliko unga wowote.

Nilipomweleza, aliniuliza swali la haki: "Nikiacha dawa na wakafa, nani atanilipa?"

Sikuwa na jibu la pesa. Nilimwambia aanze na chanjo, akishirikiana na majirani kwa sababu chupa moja inatosha kuku wengi na ikishafunguliwa haiwekwi. Halafu akaushe banda, ndipo atie viungo. Kuku akiugua kweli, amwite daktari wa mifugo. Akiandikiwa antibiotiki, ampe kwa kipimo na siku zote alizoambiwa, na mayai ya siku hizo yasipande boda boda.

Na sisi walaji tusimwachie mzigo peke yake. Dini yetu haikutosheka na halali. Imetaka kiwe pia kizuri. Tunauliza aliyechinja ni nani, na ni sawa tuulize. Tuulize vilevile kuku alikunywa nini wiki iliyopita, na atakayetujibu kwa ukweli tusimpunje bei.