Hadithi ya Mgeni, Sauti ya Mwenyeji

Jioni, kazi ya mpunga iishapo, vijana wa Ifakara hujaa katika vibanda vya video kama wazee wao walivyojaa kwenye baraza ya mtambaji. Nimepata kuketi nao. Shujaa wa sinema alikuwa Mtamil wa Kusini mwa Bara Hindi. Sauti iliyosikika ilikuwa ya Mswahili. Shujaa aliponyang'anywa shamba la baba yake, msimulizi alikatiza, akamwonya dhalimu kwa methali, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Kesho yake methali ile ilikuwa sokoni, na nywele za shujaa zilikuwa kwa kinyozi.

Wapo wasemao kuwa huo ni upuuzi. Sisi hatuafikiani nao. Watamil walikuwa na mchezo wao wa uwanjani, terukutu, uchezwao usiku kucha kusimulia vita vya Mahabharata. Baadaye ikaja sinema, nayo ikaingia katika siasa. C. N. Annadurai, mwandishi wa michezo na sinema, alipata kuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Madras mwaka 1967. Akafuatiwa mwaka 1969 na M. Karunanidhi, mwandishi mwenziwe. Na mwaka 1977 akashika M. G. Ramachandran, mwigizaji. Ajuaye kusimulia huaminiwa. Hilo ni funzo, na pia ni onyo, kwa kila kiongozi.

Ndugu zetu wa Visiwani hawana haja ya kufundishwa hayo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na baadaye taarab ikachukua lahani za sinema za Kihindi ikazivisha maneno ya Kiswahili. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizifanyia filamu za kigeni kazi ya namna hiyo. Nayo Radio Tanzania, kwa mchezo wa Twende na Wakati ulioanza mwaka 1993, ilifundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI kwa mkasa wa dereva Mkwaju, wala si kwa hotuba.

Lakini niliwauliza vijana wale habari za mwaka 1905, wazee wao walipolishambulia boma la Mahenge katika vita vya Majimaji. Wakanyamaza. Kosa si la Mtamil. Kosa ni letu tuliowaachia wazee wa bonde hili waende kaburini na visa vyao.

Yafaa basi maofisa wa utamaduni wa wilaya wawarekodi wazee wa Kindamba, Kipogoro na Kimbunga waliosalia, kisha wawakabidhi visa hivyo wasimulizi hao hao wa vibandani, kwa ujira wa halali. Sauti tunayo, wasikilizaji tunao; kilichopungua ni hadithi yetu wenyewe.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja. Wenyeji bado hatujapona.