Je, Wajua? Delaware na Pengo la Saratani

Je, wajua kuwa jimbo dogo la Delaware, Marekani, liliziba pengo la rangi katika upimaji wa saratani ya utumbo mpana? Mwaka 2001, asilimia 48 ya weusi wenye miaka 50 na zaidi walikuwa wamepimwa, dhidi ya asilimia 58 ya weupe. Kufikia 2009, makundi yote mawili yalikuwa yamefikia asilimia 74.

Ili kufika hapo, wauguzi walipewa kazi ya kuwashika watu mkono: kupanga miadi, kutafuta usafiri, na kueleza namna ya kunywa ile dawa ya kuharisha inayosafisha utumbo kabla ya kamera kupitishwa. Wengi hukatia tamaa hapo, na si ajabu. Wasio na bima walilipiwa kipimo na jimbo. Waliokutwa na ugonjwa, matibabu pia.

Vifo vya weusi kutokana na saratani hiyo vilishuka kwa asilimia 42, karibu kulingana na vya weupe.

Mbinu yenyewe ya kuwashika wagonjwa mkono ilianzia Harlem, New York, mwaka 1990. Daktari Harold Freeman aliwawekea wagonjwa maskini waongozaji, hasa wanawake wenye uvimbe wa matiti.

Leo Wamarekani wanashauriwa kuanza kupima utumbo wakiwa na miaka 45.