Vitamini D na Kisukari: Sifa Zilizotangulia Ushahidi

Vitamini D huuzwa kwa sifa nyingi: huimarisha mifupa, hukinga kisukari, hata hupunguza unene. Sifa ya kwanza ina msingi, kwani huusaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Hizo nyingine ndizo zenye utata.

Wenye kisukari cha aina ya pili mara nyingi hukutwa na upungufu wa vitamini hii. Lakini watu wanene nao huwa nayo kidogo katika damu, hata wasipokuwa na kisukari, na unene wenyewe huleta kisukari. Kipi basi kimeleta kingine?

Marekani walijaribu. Wanawake 36,282 waliokoma hedhi waligawanywa makundi mawili: moja lilipewa kalsiamu na yuniti 400 za vitamini D kila siku, jingine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka saba hivi, kisukari hakikupungua. Kilichoongezeka ni mawe kwenye figo!

Watetezi walidai dozi ilikuwa ndogo, hoja isiyostahili kubezwa. Jaribio la D2d, lililochapishwa mwaka 2019, likatumia yuniti 4,000 kwa watu 2,423, wake kwa waume, waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Tofauti ilikuwa ndogo mno kuthibitisha lolote. Majaribio matatu ya namna hiyo yalipojumlishwa mwaka 2023, hatari ilionekana kupungua kwa asilimia 15.

Mwanamke ambaye sukari yake imeanza kupanda amwone daktari kabla ya kununua vidonge. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2002, ulionyesha kuwa mazoezi na kupunguza uzito hushusha hatari hiyo kwa asilimia 58.